Wadau wa sedani za kifahari: usukani mzito ndio usukani mzuri?

#1 KonaNdefu
Habari wakuu. Nimekaa na BMW 330i ya kizazi cha E46 (3 Series ya zamani) miaka tisa na sasa naiachia. Natafuta sedani ya kifahari ambayo bado inajua kukata kona. Wiki iliyopita niliendesha tatu, barabara ile ile, asubuhi saa ile ile: BMW 330i ya kizazi cha G20, Alfa Romeo Giulia, na Mercedes-Benz C300 ya W205.

Kinachonisumbua ni hiki. Zote tatu zinaishinda gari yangu kwa kila kinachopimika: mwendo, breki, utulivu kwenye lami mbovu. Lakini kuna kona moja ndefu ya kushoto, katikati yake lami imetiwa kiraka. Kwenye E46 kile kiraka nakipata viganjani. Kwanza usukani unakwaruza, halafu unalegea kidogo, halafu uzito unarudi. Kwenye zile mpya nilikisikia kwa masikio na kwa kiti, mikono ikabaki kama imeshika ukingo wa meza.

G20 nikaiweka kwenye hali ya Sport. Usukani ukawa mzito, lakini zaidi ya uzito sikupata kingine. Kwa hiyo nauliza: ni nini hasa kinachofanya usukani uongee? Na mnaupimaje kabla hamjatoa pesa?

#2 HaidrolikiDaima
Jibu ni fupi mkuu. E46 ni stelingi ya haidroliki, hizo tatu zote ni za umeme. Siku BMW walipoleta mota ya umeme kwenye F30, 3 Series iliyotangulia G20, habari ya usukani kuongea ikaishia hapo. Pampu na mafuta vinapitisha mtikisiko wa lami. Mota haipitishi.

#3 Raki_na_Pinioni
@HaidrolikiDaima hoja yako ina uzito ila historia umeikosea. BMW hawakuanza umeme kwenye F30. Z4 ya kwanza, E85 ya 2002, ilikuwa na stelingi ya umeme tayari. Na kabla yao Suzuki Cervo ya 1988 ilishakuwa nayo, kigari kidogo kabisa, kisha Honda NSX ya 1990, ile ya gia otomatiki. NSX sijawahi kusikia mtu akiiita bubu.

Jambo la pili, watu wengi wanadhani haidroliki ni njia ya moja kwa moja kutoka tairi hadi kiganja. Hapana. Kwenye aina zote mbili, kati ya usukani na raki (ule mtaimbo wenye meno unaogeuza tairi za mbele) kuna kijiti cha chuma kinachojisokota. Ukizungusha, kijiti kinajipinda kidogo. Kwenye haidroliki, kujipinda huko kunafungua vali na mafuta yanasukuma raki. Kwenye umeme, sensa inapima kujipinda huko na kompyuta inaiamuru mota isukume. Kijiti ni kile kile. Tofauti iko kwa anayejibu.

#4 HaidrolikiDaima
Nakubali marekebisho ya Z4. Lakini "tofauti iko kwa anayejibu" ndiyo hoja yangu yenyewe mkuu. Mafuta hayafikiri. Kompyuta inaamua ni mtikisiko upi unakustahili na upi ni kero, kisha inauchuja.

#5 TairiKwanza
Salaam. Kabla hatujafika kwenye raki, @KonaNdefu tutajie matairi. Saizi gani kwenye kila gari, na je, G20 ilikuwa na yale matairi yanayotembea bila upepo? Mimi gari ya mtu siijadili kabla sijainama kusoma ubavu wa tairi.

#6 KonaNdefu
@TairiKwanza yangu ni 225/45 R17. G20 ilikuwa na inchi 19, mbele 225/40 na nyuma 255/35, na ndiyo, ni yale yanayotembea bila upepo. Giulia na C300 sikuandika. Nimekosea hapo.

#7 TairiKwanza
Basi twende kwa hesabu. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. 225 mara 0.45 ni kama milimita 101 za ubavu. 225 mara 0.40 ni 90. Umepoteza sentimita nzima ya mpira unaojipinda. Juu ya hapo, tairi la kutembea bila upepo lina ubavu ulioimarishwa ili ubebe gari siku upepo ukiisha. Ubavu mgumu hivyo unapokutana na kiraka haujikunji polepole. Unapiga, mara moja, na pigo linakwenda kwenye springi na kiti badala ya kwenda kwenye raki. Ndiyo maana ulikisikia kwa masikio.

Nyuma pia kuna kitu. 255 nyuma na 225 mbele maana yake mkia umeshikwa zaidi ya pua. Kiwanda kinapenda hivyo kwa sababu ni salama: ukizidisha, pua ndiyo inaanza kukimbia nje ya kona, mkia unabaki. Ila dereva aliyezoea gari yenye matairi sawa pande zote ataona pua ni nzito kugeuka.

#8 MzeeWaBoksi
Vijana, shikamooni huwa hamsemi, nawasalimu mimi. Nimesoma mnavyoisifu haidroliki kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Nimeendesha BMW 5 Series za E39 mbili, 528i na 540i. Mwili ni ule ule, mafuta ya haidroliki ni yale yale, lakini usukani ni vitu viwili tofauti. 528i ina raki. 540i ina stelingi boksi, ile ya gololi zinazozunguka ndani ya kasha, kwa sababu V8 ilijaa mle ndani na raki haikupata pa kukaa. Kwenye 540i katikati ya usukani kuna ukimya kidogo kabla gari haijaitikia. Kwenye 528i hakuna ukimya huo.

Na hiyo 540i ilikuwa gari bora ya masafa marefu niliyowahi kuwa nayo. Kilomita 500 kwa siku, mikono haichoki.

#9 Gia_ya_Sita
Marahaba haijafika mzee, shikamoo kwanza 🙂
Kumbe E39 M5 nayo ni boksi? Maana ni V8.

#10 MzeeWaBoksi
Marahaba mwanangu. Ndiyo, M5 ya E39 nayo ni boksi. Na watu wanaiimba hadi leo kuwa ni moja ya sedani tamu kuliko zote. Fikiria jambo hilo kabla hujamwambia mtu kwamba usukani ndio kila kitu.

#11 Raki_na_Pinioni
Shikamoo mzee. Post #8 ni ya kuhifadhi. Hata Mercedes walibaki na boksi muda mrefu, W202 bado ni boksi, C-Class ikapata raki W203 ilipokuja 2000.

#12 DadaWaAlainmenti
Habari zenu. Napima alainmenti kwa kazi, kwa hiyo nitaongea ninachokiona kila siku. Wengi wenu mnalinganisha gari mbili ambazo hakuna hata moja iliyo kama ilivyotoka kiwandani.

Kuna pembe tatu za kujua. Ya kwanza ni jinsi tairi za mbele zinavyotazamana: zikitazama ndani kidogo gari inatulia katikati, zikitazama nje inakuwa na haraka ya kuingia kona. Ya pili ni kulala kwa tairi ukilitazama kwa mbele. Ya tatu ndiyo hii mnayoitafuta bila kuijua: kuegemea kwa mhimili ambao tairi linazunguka juu yake ukilitazama kwa ubavuni, ile kasta. Angalieni gurudumu la toroli, linavyojifuata lenyewe nyuma ya mhimili wake. Kasta ikiwa kubwa usukani unapata uzito na hamu ya kurudi katikati. Kasta ikitofautiana kushoto na kulia gari inavuta upande mmoja, na dereva anaanza kulaumu raki.

@KonaNdefu E46 yako ilipimwa lini mara ya mwisho? Na bushi za lowa amu za mbele?

#13 KonaNdefu
@DadaWaAlainmenti bushi za mbele na boljointi nilibadilisha mwaka jana, alainmenti ikafanywa siku ile ile. Kwa upande wa kuegemea hakuna kilichoguswa, fundi aliniambia kwenye gari hii haina pa kurekebisha.

#14 DadaWaAlainmenti
Sawa kabisa, kwenye nyingi za namna hiyo mbele unarekebisha kutazamana tu, nyingine zimefungwa na kiwanda. Basi gari yako ina afya. Una kipimo kizuri cha kulinganishia, wengi hawana.

#15 Mkia_Mwepesi
Naomba niongeze kisa changu, kinahusu hiki hiki. Gari nililokuwa nalo, sedani ya nyuma-inasukuma, sitataja jina, lilianza kutangatanga kwenye mwendo wa 100. Unashika usukani wima, gari inachagua njia yake. Fundi mmoja akasema raki imekufa. Nikabadilisha raki nzima. Tatizo likabaki pale pale. Nikabadilisha tairodi. Likabaki. Mwisho fundi mwingine, kijana tu, akalipandisha gari, akaweka nondo kwenye mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma la kulia na kuusukuma. Bushi ilikuwa imepasuka duara nzima, mpira umetengana na chuma, unaona mwanga upande wa pili. Tairi la nyuma lilikuwa likijigeuza lenyewe kila nikibonyeza na kuachia mafuta.

Kipande cha mpira kinachoenea kiganjani, na mimi nimeshalipia raki. Tangu siku hiyo nikilinganisha gari naanza nyuma kwenda mbele.

#16 Gia_ya_Sita
@Mkia_Mwepesi pole sana mkuu. Sasa ule upande wa nyuma unauhisije kwenye usukani wakati hauna muunganiko wowote na tairi za nyuma?

#17 Raki_na_Pinioni
Kwa sababu mikono haisomi usukani peke yake. Unapogeuza, tairi za mbele zinapata nguvu kwanza, mwili unaanza kuzunguka, ndipo tairi za nyuma nazo zinajikunja na kushika. Ule muda mfupi kati ya pua kuingia na mkia kukubali ndio watu wanauita "gari imekaa" au "gari inaogelea". Nyuma ikilegea muda huo unarefuka, na wewe unaanza kurekebisha kwa mikono. Ubongo unasema usukani mbaya.

Ndiyo maana Mercedes 190E ya 1982 ilikuwa jambo kubwa. Mikono mitano kila upande wa nyuma, kila mmoja na kazi yake, tairi linabaki limetazama linakotakiwa hata gari ikiinama. Usukani wake ulikuwa ni boksi. Watu wakaisifu kwa kushika barabara.

#18 HaidrolikiDaima
Mnanizunguka. Kuna mtu aeleze kile kitu alichosema KonaNdefu, usukani *kulegea* kwenye kiraka. Hicho hakitoki nyuma.

#19 Raki_na_Pinioni
@HaidrolikiDaima hilo ni swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu, ngoja nilijibu kwa utulivu.

Tairi likikata kona, ile sehemu inayogusa lami inajipinda. Mbele ya mguso mpira ndiyo kwanza unafika, haujajikunja sana. Unavyokwenda nyuma ndivyo unavyojikunja zaidi. Kwa hiyo nguvu ya kushika haikai katikati ya tairi, inakaa nyuma kidogo ya katikati. Umbali huo mdogo unakuwa kama mkono wa spana: nguvu ya pembeni inavuta tairi lirudi kutazama mbele. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya uzito unaousikia kwenye kona, ukijumlisha na ile kasta aliyoieleza Dada.

Sasa, tairi likikaribia mwisho wa kushika, sehemu ya nyuma ya mguso ndiyo inaanza kuteleza kwanza. Nguvu inasogea mbele, ule mkono wa spana unafupika. Usukani unapoteza uzito *kabla* pua haijaanza kukimbia. Ni onyo. Kiraka cha KonaNdefu kina lami laini zaidi, tairi likapoteza kushika kidogo, usukani ukalegea, kisha ukarudi lami ilipokuwa nzuri tena. Gari lilimwambia ukweli kuhusu barabara.

Stelingi ya umeme inayopangwa ili uzito uongezeke tu kadiri unavyozungusha inaweza kulifunika onyo hilo. Si lazima ifunike, lakini inaweza.

#20 TairiKwanza
👏 Mtaalam. Na kumbuka, mkono huo wa spana unatengenezwa na *tairi*. Ukibadilisha tairi, umebadilisha ujumbe wenyewe.

#21 HaidrolikiDaima
Na ukiweka mota katikati umebadilisha mjumbe. Mota ina uzito wake wa kuzunguka, na ile gia inayopunguza mwendo wake inauzidisha uzito huo mara nyingi. Mtikisiko mdogo kutoka tairini unakuta kitu kizito kinachokataa kuzungushwa. Unafia hapo hapo, hata kompyuta isipochuja chochote.

#22 Raki_na_Pinioni
Hilo ni kweli tupu na sina la kupinga. Ndiyo maana wanaohangaika kweli na usukani wanaweka mota kwenye raki yenyewe, siyo juu kwenye nguzo ya usukani. Na programu nzuri inajaribu kuufuta uzito huo wa mota. Baadhi wanaweza, baadhi hawawezi.

#23 Mpenda_Kwatro
Naona Audi haitajwi kabisa humu 😀 Watu huzisema zina pua nzito kwa sababu injini inakaa mbele ya ekseli. Hiyo ilikuwa zamani. A4 ya B8, ya 2007, walihamisha difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi) ikakaa mbele ya klachi na ekseli ya mbele ikasogezwa mbele milimita 154. Mikono mitano kila upande wa mbele. Kwenye mvua hamtaniona.

#24 Mkia_Mwepesi
@Mpenda_Kwatro kwenye mvua nakupa heshima yako yote. Lakini kwenye sedani inayosukumwa na nyuma peke yake, tairi za mbele zina kazi moja: kugeuka. Hazivuti, kwa hiyo hakuna nguvu ya injini inayopenya kwenye raki. Usafi huo nimeuzoea.

#25 Mpenda_Kwatro
Sawa, lakini G20 ya xDrive na Giulia ya Q4 nazo zinavuta kwa mbele. @KonaNdefu zako zilikuwa za magurudumu mangapi?

#26 KonaNdefu
Zote tatu nyuma tu. Hilo nilihakikisha.

#27 Gia_ya_Sita
Vipi Infiniti Q50? Nilisoma haina kabisa chuma kati ya usukani na tairi. Ni waya tu. Umeme ukikata je?

#28 Raki_na_Pinioni
Nusu umepatia. Q50 ilipotoka 2013 ililetwa na mfumo wa usukani wa waya, wa kwanza kwenye gari la kuuzwa kwa watu. Kompyuta tatu zinasimamiana. Lakini nguzo ya chuma *ipo*. Katikati yake kuna klachi iliyoachana wakati wote wa kawaida. Mfumo ukipata hitilafu klachi inafunga na unabaki na usukani wa chuma. Hivyo huwezi kupoteza mwelekeo, ila hisia unayoipata siku zote imetengenezwa, ni ya kuchora.

BMW walikuwa na njia nyingine kwenye 5 Series ya E60 ya 2003. Walitia gia za sayari kwenye nguzo na mota ndogo, ikawa inaongeza au kupunguza mzunguko: mwendo mdogo kama 10 kwa 1, mwendo mkubwa kama 20 kwa 1. Nguzo ya chuma imeunganika muda wote.

#29 MzeeWaBoksi
Hiyo ya E60 nimeijaribu. Kwenye kuegesha ni raha, mikono haipishani. Kwenye kona ya mwendo wa kati sikuielewa: juzi nilizungusha kiasi hiki, leo kiasi kile. Mwili wangu umezoea ahadi moja. Ila mke wangu aliipenda siku ya kwanza.

#30 Gia_ya_Sita
Hii "10 kwa 1" nisaidieni, naiona kila mahali.

#31 Mkia_Mwepesi
Ni nyuzi. Ukizungusha usukani nyuzi 10, tairi linageuka nyuzi 1. Sedani nyingi ziko kwenye 14 hadi 16. Giulia ni 11.8 kwa 1, ndiyo maana ukiigusa tu imeshaingia. @KonaNdefu kwenye Giulia haukuhisi kama pua inawahi mawazo yako?

#32 KonaNdefu
@Mkia_Mwepesi umeitaja vizuri sana. Kilomita kumi za kwanza nilikuwa naingia kona mapema, narudisha, naingia tena. Baadaye mikono ikatulia na nikawa naendesha kwa vifundo vya mikono tu, mabega yamekaa. Ilinifurahisha sana. Lakini kiraka bado sikukipata. Ni wepesi wa kuitikia, na huo sio kuongea. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, maana wengi wanaandika kwamba Giulia ina usukani bora wa kundi hili.

#33 DadaWaAlainmenti
Kwa sababu neno "bora" limebeba vitu vitatu kwenye mzigo mmoja: uharaka, uzito, na ujumbe. Mtu akikuambia usukani wa gari fulani ni bora, muulize kipi kati ya hivyo. Wateja wangu wengi wakisema "usukani mzuri" wanamaanisha mwepesi wa kuegesha. Nao wana haki.

#34 Vidole_Viwili
Habari wote. Nimesoma kimya tangu mwanzo. Hakuna aliyetaja duara lenyewe la usukani. Shikeni usukani wa E46 kisha shikeni wa G20 ya M Sport, lile toleo la kimichezo. Ule mpya ni mnene, umejaa povu na ngozi, kiganja kizima kinafumba. Mtikisiko mwembamba unaishia kwenye povu. Nilikuwa na gari lenye usukani mnene, nikafunga mwembamba wa toleo la kawaida, gari lile lile, tairi zile zile. Siku hiyo hiyo nilianza kuhisi alama za rangi barabarani ninapozikanyaga.

#35 HaidrolikiDaima
Povu? Tumetoka kwenye pampu tumefika kwenye povu?

#36 Vidole_Viwili
Ndiyo mkuu, povu. Jaribu kusoma maandishi ya kugusa ukiwa umevaa glavu.

#37 TairiKwanza
Hapo amekupata @HaidrolikiDaima 😀

#38 MzeeWaBoksi
Na ukubwa wa gari mmeusahau. E46 ina upana wa milimita 1,739. G20 ni 1,827. Giulia inafika 1,860. Mhimili hadi mhimili E46 ni 2,725, G20 ni 2,851. Ni gari kubwa zaidi, yenye vyumba, mito ya hewa, zulia la kuzuia kelele. Kwenye njia ile ile una nafasi ndogo ya kuchezea pande zote mbili. Mtu hawezi kulegeza mikono akiwa anaogopa kioo cha pembeni, na mkono uliokaza hausikii kitu.

#39 Raki_na_Pinioni
Mzee, sikuwahi kulifikiria hivyo. Mkono uliokaza hausikii. Nimelichukua.

Niongeze kwa faida ya wanaoitetea E46 kama kitabu kitakatifu: zile za mwanzo zililalamikiwa kwamba usukani ni mwepesi mno, na BMW wakauongezea uzito baadaye. Yaani hata gari tunayoipigia mfano iliwahi kuambiwa haiongei.

#40 Mkia_Mwepesi
Turudi kwenye swali la pili la mleta uzi, anapimaje. Mimi nafanya hivi. Napima upepo gari ikiwa baridi, nalinganisha na kibandiko cha mlangoni, kabla ya funguo. Joto likipanda nyuzi 10 upepo unapanda psi 1 hadi 2, kwa hiyo gari lililosimama juani linakudanganya. Kisha naendesha kwenye Comfort, sio Sport, kwa sababu Sport kwa magari mengi inaongeza uzito wa bandia na kukuficha tabia. Barabara iliyonyooka, 80, nageuza usukani upana wa kidole kimoja kushoto, kulia. Nataka kujua gari inaitikia wapi: pale pale, au baada ya ukimya. Halafu natafuta kona ndefu ya duara moja, naingia polepole na mwendo usiobadilika, naongeza usukani kidogo kidogo. Uzito unapaswa kupanda taratibu, na mwishoni, tairi zinapoanza kunung'unika, upungue. Usipopungua hata kidogo, gari hilo halitakuonya.

Ya mwisho ni bonde au kiraka katikati ya kona. Hapo shokapu zinajieleza zenyewe: pua inaruka pembeni, au inameza na kuendelea.

#41 Mpenda_Kwatro
Hiyo ya shokapu, G20 za kawaida zina shokapu zinazokaza zaidi kadiri zinavyokaribia mwisho wa mwendo wake, bila umeme wowote. Kuna tofauti ya kweli na zile za M Sport. KonaNdefu aliendesha ipi?

#42 KonaNdefu
M Sport. Na nimerudi na habari. Leo asubuhi niliomba niiendeshe G20 tena, nikaenda na kipimo changu cha upepo. Tairi zote nne zilikuwa juu ya kibandiko kwa psi 7. Nikazishusha wakiwa wananitazama. Nikaenda kwenye kona yangu, Comfort, mikono imelegea kama alivyosema Mzee.

Kiraka nimekipata. Si kama kwenye E46. Ni kama mtu anayeongea chumba cha pili na mlango umefungwa, lakini nilijua kimeanza wapi na kimeishia wapi.

#43 TairiKwanza
Psi 7! Nilisema kwenye #5, gari haijadiliwi kabla ya tairi.

#44 HaidrolikiDaima
Na mlango uliofungwa ni mota. Nilisema kwenye #2.

#45 Vidole_Viwili
Au povu.

#46 DadaWaAlainmenti
@KonaNdefu Giulia na C300 nazo ulipima upepo?

#47 KonaNdefu
@DadaWaAlainmenti Giulia nilipima mchana, ilikuwa sawa na kibandiko. Kwa hiyo upepo hauielezi Giulia. C300 sijarudi, ingawa kiti chake na ukimya wake ndivyo mke wangu anavyovitaja kila siku. Jumamosi naendesha Giulia na G20 nyingine ya inchi 18 yenye matairi ya kawaida, zifuatane, na E46 nakuja nayo.

#48 MzeeWaBoksi
Anza na zile mpya, E46 iwe ya mwisho. Ukianza nayo, mikono itakuwa imeshaamua.

#49 Vidole_Viwili
Na kwenye kiraka pita mara mbili kwa kila gari. Mara ya pili shika kwa vidole tu, kiganja usikiguse.

#50 KonaNdefu
Shukrani wakuu. E46 ya mwisho, mara mbili, vidole. Nitaandika Jumamosi jioni.